Namna ya Kusikiliza Muziki Unapoandika Hadithi au Shairi

Chumba ninachoandikia kiko Kibuli, hapa Kampala, na ukuta unaonitenga na jirani ni mwembamba kiasi kwamba redio yake ni kama iko mezani kwangu. Siku moja niliandika aya nzima ya hadithi huku redio hiyo ikiimba kwa Kiganda, na nilipoisoma jioni nikakuta sentensi inayosema kwamba mama alikuwa "akifumba ndizi jikoni". Kwa Kiganda, okufumba ni kupika. Kwa Kiswahili tunafumba macho, mdomo, au maana ya maneno. Neno lilipenya ukutani likaketi katika hadithi yangu, na kalamu haikusita hata kidogo.

Ndiyo maana, kwa mtu anayeandika Kiswahili nchini Uganda, swali la kwanza ni lugha ya wimbo, kabla hata ya uzuri wake. Wimbo wa Kiswahili ukiwa unapigwa, maneno yake hushindana moja kwa moja na yale unayoyatafuta. Wimbo wa Kiganda au wa Kisoga, kwa kuwa lugha hizo ni za Kibantu kama Kiswahili, huingia kwa mlango wa nyuma. Wengi hudhani kwamba lugha wasiyoielewa haina madhara, lakini mwaka 1976 watafiti wawili, Colle na Welsh, walichapisha jaribio ambalo watu walitakiwa kukumbuka mfuatano wa herufi walizoonyeshwa huku wakisikia Kijerumani, lugha wasiyoijua, na kumbukumbu yao ilipungua hata hivyo. Kukumbuka herufi si kutunga hadithi, nakubali, ila mwandishi naye hubeba sentensi nzima kichwani kabla ya kuiweka kwenye karatasi, na mzigo huo ndio unaoyumbishwa na sauti ya mtu anayezungumza au kuimba.

Kwa hiyo chagua ala zisizo na mwimbaji, na huna haja ya kwenda mbali kuzitafuta. Mimi hutumia zaidi rekodi za amadinda ya Baganda, yenye vibao 12 vya mbao vinavyolazwa juu ya vigogo vya migomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akipenyeza mapigo yake katika nafasi alizoachiwa na mwenzake, na wa tatu hugonga vibao viwili tu vyenye sauti nyembamba kuliko vyote. Muziki huo huzunguka na kujirudia kwa muda mrefu bila kukugutusha, na sikio, likishauzoea, huuacha uendelee peke yake huku mkono ukiandika. Adungu, kinubi cha Waalur wa kaskazini magharibi, ni kipole zaidi, na kinafaa usiku. Hakikisha tu kwamba umepata rekodi ya ala pekee, kwa maana mara nyingi huambatana na wimbo.

Andaa muziki kabla ya kukaa. Pakua rekodi tatu au nne kwenye simu wakati una bando, kwa sababu ukisikiliza moja kwa moja kwenye intaneti, tangazo la biashara litachomoza katikati ya sentensi yako, na tangazo nalo ni maneno. Rekodi hizo zikifika dakika 40 kwa jumla zinatosha: zikiisha, inuka, nyoosha mgongo, kunywa maji. Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kwa kuwa wengi wetu hatuna kipimo, tumia hiki: mtu akibisha hodi nawe usimsikie kwa sababu ya hedifoni, umezidisha. Mvua ikianza kunyesha juu ya mabati, zima kila kitu, kwani hakuna pazia bora zaidi ya hilo la kukukinga na kelele za nje.

Hatari inayonisumbua zaidi, nayo haisemwi mara nyingi, ni muziki unaohuzunisha au kufurahisha kwa niaba ya mwandishi. Niliwahi kuandika mandhari ya mazishi huku adungu ikilia taratibu masikioni, na machozi yakanitoka. Niliamini kwamba nilikuwa nimeandika kurasa mbili bora kuliko zote za mwaka huo. Asubuhi, nilipozisoma chumba kikiwa kimya, nilikuta nimeandika "alilia sana" mara tatu, na hapakuwa na jembe, hapakuwa na mkeka, hapakuwa na udongo uliogandamana kwenye viatu vya wachimbaji. Huzuni yote ilikuwa ndani ya adungu, na karatasi ilibaki kavu. Tangu hapo, muziki wenye hisia kali nausikiliza kwa dakika kumi kabla ya kuandika, macho yakiwa yamefumbwa, kisha naorodhesha vitu nilivyoviona: majina ya vitu tu, bila sifa. Baada ya hapo nauzima, ndipo naanza.

Mshairi anahitaji tahadhari ya ziada. Shairi la mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, lina mdundo wake, na ukilitunga juu ya mdundo wa mtu mwingine utavuta silabi au kuzimeza ili zilingane na ngoma, nawe hutatambua mpaka ulighani mbele ya watu. Taarabu ni mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu nyimbo zake nyingi ni mashairi yenye vina, na vina hivyo huhamia katika beti zako. Hesabu mizani kwa vidole juu ya meza, kimya kimya.

Kusahihisha nako kufanyike bila muziki wowote, huku ukisoma kwa sauti. Sikio likiwa na kazi nyingine halitasikia neno lililorudiwa wala upatanisho wa kisarufi uliokosewa.

Mwisho wa kila siku, andika pembeni mwa ukurasa ni rekodi gani ilikuwa ikipigwa. Ukiiacha hadithi kwa wiki kadhaa, kwa ajili ya mitihani, msiba au safari ya kijijini, irudie kwa kupiga rekodi ileile huku ukisoma ukurasa wa mwisho ulioandika. Mimi nimeshaona wahusika niliodhani wamenipotea wakirudi kabla ya amadinda kumaliza mzunguko wa tano.