Kupima uvimbe wa saratani kwenye CT kwa kompyuta: jumla ipi ulinganishe nayo

Kwenye picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, kompyuta hupima milimita vizuri kuliko rula juu ya filamu, lakini haijui upime uvimbe upi wala ulinganishe na picha ya lini. Hapo ndipo majibu yanapoharibika. Maelezo haya yanafuata RECIST 1.1 ya mwaka 2009, kanuni za kupima kama uvimbe unaitikia tiba, na programu ni 3D Slicer, ambayo ni ya bure. Slicer ni ya utafiti na mafunzo, haijaidhinishwa kwa tiba, kwa hiyo kipimo chochote kitakachobadilisha dawa ya mgonjwa lazima kipitiwe na daktari wa radiolojia.

Anza na faili. Unataka DICOM asilia, yaani faili la picha kama mashine ilivyolitoa, kutoka kwenye CD ya mgonjwa au kwenye mashine yenyewe. Filamu iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa kwa WhatsApp haipimiki: ukubwa halisi wa kila pikseli umeandikwa ndani ya DICOM, na picha ikishageuzwa JPEG taarifa hiyo imepotea. Buruta folda nzima uiachie kwenye dirisha la Slicer, kubali iingizwe, kisha angalia unene wa vipande. Milimita 5 au pungufu ni sawa, na hapo uvimbe wa kupimwa uwe na kipenyo cha angalau milimita 10. Vipande vikiwa vinene zaidi, kiwango cha chini ni unene mara mbili: vipande vya milimita 8 vinadai uvimbe wa milimita 16.

Sasa chagua. Usizidi uvimbe 5 kwa mwili mzima, na 2 kwa kiungo kimoja. Chukua mikubwa yenye kingo zinazoonekana wazi, ambayo utaweza kuipata tena miezi ijayo. Uvimbe uliokwisha kupigwa mionzi usiuchague, isipokuwa umeonekana kukua baada ya mionzi hiyo. Vifuko vya maji kwenye ini viache.

Kupima kwenyewe ni mstari wa Markups, zana ya Slicer ya kuchora na kupima, juu ya picha ya mlalo, kwenye kipande ambacho uvimbe ni mpana kuliko vingine. Uvimbe wa mapafu upime kwa dirisha la mapafu (dirisha hapa ni mpangilio wa weupe na weusi wa picha), kiwango kama −600 na upana 1500. Wa ini kwa dirisha la tishu laini, 40 na 400. Ukibadilisha dirisha kati ya picha mbili, ukingo wenyewe unahama na uvimbe "unakua" bila kukua. Ini lina mtego mwingine: uvimbe uleule huonekana kwa ukubwa tofauti kulingana na sekunde zilizopita tangu dawa ya kontrasti ichomwe. Linganisha awamu ileile, kwa kawaida ile ya mshipa wa porta unaoingiza damu kwenye ini, sekunde 70 hivi baada ya sindano.

Tezi za limfu zina sheria yake. Kwa kuwa hata tezi yenye afya huwa ndefu kama haragwe, unapima upana, siyo urefu. Upana wa milimita 15 au zaidi unapimika; chini ya 10 ni tezi ya kawaida.

Jumlisha sasa. Tuseme kabla ya tiba pafu lina 32, ini lina 41 na 27, tezi ina 18. Jumla ni milimita 118. Picha ya pili: 22, 29, 20 na 11, jumla 82. Imepungua kwa asilimia 30.5, na mpaka wa kuitikia dawa ni asilimia 30. Picha ya tatu: 24, 38, 25 na 13, jumla 100. Ukilinganisha na 118 utaandika kwamba mgonjwa bado yuko nafuu kwa asilimia 15. Ni kosa, na ni kosa zito, maana mgonjwa ataendelea kunywa dawa iliyokwisha kushindwa. Ukuaji hupimwa dhidi ya jumla ndogo kuliko zote zilizowahi kuandikwa, yaani 82. Ongezeko ni milimita 18, karibu asilimia 22. Limevuka asilimia 20 na limevuka milimita 5, na yote mawili yanatakiwa. Ugonjwa umeendelea. Uvimbe mpya wa hakika, hata mmoja, unatosha kusema hivyo bila kujali jumla. Kwa dawa za kuamsha kinga, iRECIST ya 2017, yaani RECIST iliyorekebishwa kwa dawa hizo, inataka picha ya kuthibitisha baada ya wiki 4 hadi 8.

Ukitaka ujazo, tumia Segment Editor, zana ya Slicer ya kupaka uvimbe rangi, kisha Segment Statistics, inayohesabu ujazo wa kilichopakwa. Usiamini rangi iliyojijaza yenyewe. Uvimbe ulioshikana na ukuta wa kifua, au uliokaa ndani ya pafu lililosinyaa, una weupe unaokaribiana na wa jirani yake, kwa hiyo rangi huvuja. Pitia kipande kwa kipande, kata iliyovuja kwa zana ya mkasi. Wala usichanganye asilimia: uvimbe wa duara ukiongezeka kipenyo kwa asilimia 20, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 73.

Uvimbe ukiwa bado upo lakini hauwezi kupimika tena kwa udogo, andika 5, usiandike 0. Ukigawanyika, jumlisha vipenyo vya vipande vyake. Kila kipimo kiandikwe na namba ya kipande, dirisha na jina la mpimaji, na picha inayofuata ipimwe na mtu yuleyule huku ile ya zamani ikiwa wazi kando yake.