Kabla hujalipa miezi sita: kupanga studio katikati ya Arusha

Dalali atakupeleka kuona chumba Jumapili alasiri, na siyo kwa bahati. Saa hiyo Levolosi na Kaloleni zimetulia, maduka mengi yamefungwa, na chumba kinaonekana kama kilikuwa kinakusubiri wewe. Changu cha kwanza nilikipenda hivyo hivyo. Nikalipa, nikahamia Jumatatu jioni. Jumanne saa kumi na moja alfajiri nikaamshwa na honi za mabasi na makonda wakiita abiria, nikabaki natazama dari huku nikihesabu miezi niliyolipia.

Kwa hiyo rudi mwenyewe, bila dalali, walau mara mbili. Nenda alfajiri mabasi yanapotoka stendi, kisha urudi usiku wa Ijumaa, saa tatu hivi. Tazama kama njia ina taa, baa ya chini spika zake zimeelekezwa wapi, geti linafungwa saa ngapi na funguo anashika nani. Kuna nyumba geti likishafungwa saa nne unampigia mlinzi simu mpaka uchoke. Kama ni karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, waulize wapangaji siku ya mechi au tamasha inakuwaje. Wapangaji, siyo mwenye nyumba.

Faida ya kukaa mjini ni miguu. Unalipa zaidi ya mwenzako wa Muriet au Moshono, kule pembezoni mwa mji, na tofauti hiyo lazima uione ikirudi kwenye nauli na muda. Itembee hiyo njia kabla: kutoka mlangoni hadi kazini, siku ya kazi, na viatu unavyovaa kazini. Mji umelalia mteremko wa Mlima Meru, ukielekea kaskazini unapanda, na ramani ya simu haikuonyeshi jasho. Ukiweza, itembee mvua ikiwa imetoka kunyesha, maana masika ya Machi hadi Mei ndiyo yanayoonyesha mtaro upi umeziba. Halafu tembea hadi Soko Kuu au soko la Kilombero na urudi na mzigo mkononi. Mimi niliishi karibu mwaka mzima bila friji: fungu la nyanya, mchicha, nusu kilo ya nyama, vyote vya siku hiyo hiyo. Sokoni palikuwa dakika saba.

Maji ndiyo yatakayokugombanisha na watu, hasa ukiwa ghorofa ya juu. Usiulize kama yapo, utaambiwa yapo. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, vuta maji chooni, usikilize tangi la choo linachukua muda gani kujaa tena. Uliza simtanki iko wapi, nani anawasha pampu, na umeme ukikatika inakuwaje. Miamba ya volkano ya Meru ina floridi nyingi, ndiyo maana wengi waliokulia huku wana meno ya kahawia. Kipimo cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingine vya eneo hili huzidi hapo. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki. Kwa hiyo kama maji ni ya kisima cha hapo nyumbani, weka bajeti ya maji ya kunywa, hasa ukiwa na mtoto mdogo.

Umeme: sharti langu ni LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, yako peke yako. Ya kuchangia inaanza kwa undugu na kuishia kwenye kikao cha nani ana pasi na nani anapikia jiko la umeme. Na usishtuke ukinunua umeme ukakuta pesa imepungua. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa sasa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mkubaliane mapema anakurudishia vipi, na iandikwe.

Hapo ndipo swali la nani hasa mwenye nyumba linapoingia. Majengo kadhaa ya mjini ni ya Shirika la Nyumba la Taifa, na anayekukatia kipande naye anaweza kuwa mpangaji tu. Omba uone mkataba wake kabla hujatoa hata senti. Wako uwe wa maandishi, useme notisi ni ya muda gani na nani analipa bomba likipasuka. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa kumpitia mapema, atakuambia kama nyumba ina kesi. Dalali ana kodi yake ya mwezi mmoja, hilo limezoeleka, ila mlipe ukiwa na ufunguo mkononi, na huo ufunguo uwe umeshaujaribu kwenye kitasa.

Kisha chukua futi kamba. Pima chumba, halafu pima ngazi, hasa pale zinapokata kona. Kitanda changu cha tano kwa sita kililala koridoni usiku wa kwanza, fundi akaja kesho yake na msumeno.