Jinsi ya kusoma hotuba inayogawa mataifa kuwa mema na maovu

Tafuta hotuba kamili, usitegemee dondoo la habari. Pigia mstari kila neno la hukumu: uovu, shetani, ulimwengu huru. Kisha angalia limebandikwa nani: kitendo, kiongozi, serikali au taifa zima? Hapa ndipo wengi huteleza. Kuyaita mauaji ya halaiki uovu ni hukumu ya haki kabisa. Kuiita nchi nzima ovu ni kuwatia watoto na wapinzani kapu moja na watawala wao.

Halafu tazama hotuba inataka nini kifanyike. Tarehe 29 Januari 2002 Rais wa Marekani George W. Bush aliziweka Iraki, Irani na Korea Kaskazini katika "mhimili wa uovu", ingawa Iraki na Irani zilikuwa zimepigana vita kuanzia 1980 hadi 1988. Machi 2003 Marekani na washirika wake waliivamia Iraki, na maghala ya silaha za maangamizi yaliyodaiwa hayakupatikana. Kwa hiyo tenga madai yanayoweza kuthibitishwa, uyakague moja moja. Ukali wa neno si ushahidi.

Linganisha pia maneno na vitendo: Rais wa Marekani Ronald Reagan aliuita Umoja wa Kisovyeti "dola ovu" Machi 1983, lakini Desemba 1987 alitia saini na kiongozi wa Umoja huo, Mikhail Gorbachev, mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati.

Upande wa pili upime vilevile. Serikali ya Irani nayo iliiita Marekani "Shetani Mkubwa". Ukiona kitendo kilekile kinalaaniwa kwa adui na kunyamaziwa kwa rafiki, kiandike pembeni pamoja na tarehe zote mbili.