Salamu na ombi viende meseji moja

Lamu salamu haikatwi, hilo tunalijua. Lakini kwenye WhatsApp, "Asalaam aleikum, habari?" halafu kimya, humwacha mwenzio akijiuliza: msiba, deni, au umbea tu? Pengine yuko kwenye boti ya Mokowe, mtandao unakatika. Akijibu "njema", wewe ushazima data. Jioni imeingia, ombi halijatajwa.

Andika yote pamoja: "Asalaam aleikum ndugu yangu, watoto hawajambo? Naomba uniazime shilingi 500, nitakurudishia Ijumaa inshallah. Kama hali hairuhusu, hakuna neno, nitajaribu kwengine." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo wengi huisahau, na kwangu ndiyo yenye kazi kubwa. Watu wetu huona haya kusema "sina". Atanyamaza, nawe utadhani amekudharau.

Unataka ubebewe mzigo hadi Shela? Taja uzito. "Kijimzigo kidogo" kikiwa gunia la unga, atakayehangaika kutafuta punda gatini ni yeye.

Na tafadhali, kuomba namba ya fundi hakuhitaji ujumbe wa sauti wa dakika nne.