Namna ya kuipima pikapu ya umeme iliyokosa wateja kabla ya kuiagiza Uganda

Gari likikosa wateja kwao, bei yake hushuka, na bei ikishuka, mtu aliyeko Nakawa au Ntinda, Kampala, huanza kupiga hesabu ya meli. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na mfano wake ni Cybertruck ya kampuni ya Tesla, kwa kuwa ni pikapu ya umeme iliyosemwa sana na kununuliwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kabla ya kutuma fedha, jua kwanza kwa nini imewashinda wenyewe kuiuza, kisha utenge sababu zitakazobaki Marekani na zile zitakazopanda meli pamoja na gari.

Anza na mauzo, uyaache maagizo. Elon Musk, mkuu wa Tesla, alipoizindua Cybertruck mnamo Novemba 2019 alitaja bei ya kuanzia dola 39,900, na mtu aliweza kujiandikisha kwa dola 100 tu, ambazo angerudishiwa akighairi. Waliojiandikisha walitajwa kuwa zaidi ya milioni moja, na Musk akazungumzia kuuza magari 250,000 kwa mwaka. Wateja walipoanza kukabidhiwa mwishoni mwa Novemba 2023, toleo linalosukumwa na magurudumu yote manne lilitajiwa bei ya dola 79,990. Kwa makadirio ya Cox Automotive, kampuni inayofuatilia soko la magari, Wamarekani walinunua takriban magari 39,000 mwaka 2024, kisha karibu 20,000 mwaka 2025. Tesla haitangazi idadi ya gari hili peke yake, lakini Machi 2025 ililazimika kuyaita karakana magari 46,096, yaani yote yaliyoundwa hadi mwishoni mwa Februari mwaka huo, kwa sababu ukanda wa chuma ulio pembeni mwa paa ungeweza kubanduka, na hapo kila mtu akapata pa kuhesabia. Kwa hiyo, gari lolote geni unalosifiwa, uliza ni wangapi walilipa fedha yote, na kama mwaka wa pili waliongezeka au walipungua.

Sasa chambua sababu. Wapo Wamarekani walioikataa kwa ajili ya siasa za Musk, hasa alipokuwa karibu na Rais Donald Trump mwanzoni mwa 2025; hasira hiyo haivuki bahari. Nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari ya umeme, iliyokoma tarehe 30 Septemba 2025, nayo ni habari ya kwao. Mambo mengine, hata hivyo, yamo ndani ya gari lenyewe. Bodi ni ya mabamba mazito ya chuma kisichoshika kutu, yasiyopakwa rangi, na mafundi wa Katwe, ambao sijaona chuma kinachowashinda kwa urahisi, hawawezi kulinyoosha bamba kama hilo, kuliziba kwa puti na kulipaka rangi kama wanavyofanya kwa Hilux. Likigongwa na bodaboda ubavuni, bamba jipya huagizwa nje, wala usitarajie kulipata katika soko la vipuri la Kisekka. Namba ya chesesi ikaguliwe pia katika tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ili ujue ni marekebisho gani ya kiwandani ambayo bado hayajafanyika, kwa maana Tesla haina karakana Uganda ya kuyafanya baadaye.

Lipo pia kundi la kasoro ambazo Marekani hazikuwa kasoro kabisa, bali zinazaliwa gari linapovuka mpaka wa Malaba. Usukani wa Cybertruck uko kushoto pekee, ilhali sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara. Fikiria uko barabara ya Masaka, mbele yako kuna trela la saruji linalopanda kilima, nawe huoni kinachokuja mpaka utoe nusu ya gari lenye upana wa zaidi ya mita mbili nje ya mstari. Utabaki kumtegemea utingo akuambie kama njia iko wazi. Kabla ya hofu hiyo kuna swali la usajili, na jibu lake ulipate kwa maandishi kutoka Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi kabla ya kulipa hata shilingi moja, kwa sababu gari likikwama bondi, yaani yadi ya magari ambayo bado hayajalipiwa ushuru, gharama za kulihifadhi zitaendelea kupanda.

Umeme upigiwe hesabu kwa karatasi. Betri hubeba takriban uniti 123. Ukichukua shilingi 750 kwa uniti, kujaza betri tupu ni kama shilingi 92,000 kabla ya kodi na upotevu. Weka bei iliyo kwenye risiti yako ya tokeni za Yaka upate jibu lako halisi. Gharama hiyo haitishi ukiilinganisha na dizeli. Kinachotesa ni muda: kwa laini ya fezi moja ya ampea 32 utahitaji saa 17 au zaidi, na kwa soketi ya kawaida ya ukutani siku mbili hivi. Kuvuta fezi tatu nyumbani hakutakusaidia, kwa sababu magari ya Tesla yaliyoundwa kwa soko la Amerika Kaskazini huchaji kwa fezi moja tu.

Halafu pima mzigo na safari. Toleo linalosukumwa na magurudumu yote manne hukadiriwa kwenda kilomita 520 hivi, lakini likivuta tela zito umbali huo hupungua hadi karibu nusu. Kampala hadi Mbarara ni takriban kilomita 270. Mwenye kufuata matoke huko na kurudi siku hiyohiyo ajue atachaji wapi, kwa plagi ipi, na matoke yatakuwa yakifanya nini wakati huo.

Kuhusu kodi, ununuzi wa bei ya chini mnadani haumaanishi kodi ya chini, kwa sababu URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ina viwango vyake vya thamani ya magari yaliyotumika. Kwa gari lililothaminiwa dola 60,000 pamoja na usafiri na bima, ushuru wa asilimia 25 ni dola 15,000, VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo ni dola 13,500, kodi ya zuio ya asilimia 6 ni dola 3,600, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni dola 900. Umefika dola 93,000. Wakala wako wa forodha athibitishe viwango vya magari ya umeme vya mwaka huu wa fedha.

Mwisho, tafuta bei ya kuliuza kabla ya bei ya kulinunua. Mei 2025 Tesla yenyewe ilikuwa ikitoa kama dola 65,000 kwa gari la 2024 la toleo maalumu la mwanzo, lililouzwa takriban dola 100,000. Zunguka bondi tatu au nne za Kampala, uwaonyeshe picha, uulize watakupa ngapi ukiwaletea kesho. Wakicheka bila kutaja bei, hilo ni jibu. Naona kazi moja tu inayoweza kulilipa gari hili hapa, nayo ni kulikodisha kwa harusi, kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na video za muziki, ambako ugeni wake ndio bidhaa. Kazi hiyo nayo itadumu hadi mtu wa pili alete la kwake.

Anayetaka pikapu ya umeme kwa mizigo aipime kwa maswali hayohayo D-Max ya umeme, ambayo Isuzu ilianza kuiunda Thailand mwaka 2025. Betri yake ni ya takriban uniti 67 na haifiki Mbarara na kurudi, lakini ina toleo la usukani wa kulia, hubeba karibu tani moja, na fundi wa Kisekka anaijua D-Max hata kama bado hajaijua betri yake.