Gari limeoshwa injini, sasa haliwaki

Jumamosi moja pale Magongo, Mombasa, nilimwachia kijana wa kuosha magari Probox yangu. Akafungua boneti, akaipiga injini kwa mashine ya presha mpaka ikang'aa. Napiga ufunguo: starta inazunguka vizuri, injini haishiki. Mara ya tatu ikashika kwa kutetemeka, taa ya injini inapepesa, ikazima.

Ukifika hapo, acha kupiga starta. Unamaliza betri, na petroli isiyoungua inazidi kulowesha plagi. Starta ikizunguka vizuri, kinachokosekana mara nyingi ni moto wa plagi. Lakini ikigonga na kukwama ghafla, usiilazimishe kabisa! Huenda maji yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa, yatakupindia konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Hapo ita fundi.

Toa terminali hasi ya betri, kisha kifuniko cha plastiki juu ya injini. Injini ya Probox yangu, aina ya 1NZ, ina koili nne (vifaa vinavyoipa kila plagi umeme wa kutoa moto) zilizojipanga mstari, kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Bonyeza kikufuli cha soketi ndipo uchomoe, usivute waya. Plastiki iliyopikwa na joto miaka mingi hukatika upesi. Vuta koili juu polepole ukiizungusha kidogo. Koili yangu ya pili ilitoka mpira wake ukichuruzika, na nilipomulika shimo kwa tochi ya simu, maji yalimetameta, plagi imezama hadi shingoni. Jua halikaushi hayo hata uache boneti wazi mchana kutwa, maana ule mpira umeziba shimo.

Sasa tafadhali, usifungue plagi kabla shimo halijakauka. Ukiilegeza tu, maji yote yanashuka ndani ya silinda. Vaa miwani, puliza kwa kompresa. Kama huna, zungushia kitambaa cha pamba kwenye bisibisi ndefu, chovya na kubadilisha mpaka kitoke kikavu. Mimi nilimaliza fulana nzima.

Futa koili, kagua mpira: ufa mwembamba tu unatosha kuvujisha umeme. Gari la zamani lenye distributa, yaani kifaa kinachogawia plagi umeme, fungua kifuniko chake ukifute ndani. Papasa na eya klina, chujio la hewa ya injini, uone kama imelowa.

Na jambo la kwetu Mombasa: maji ya visima vingi yana chumvi. Yakikauka huacha unga mweupe ndani ya soketi, unavuta unyevu wa pwani, na baada ya siku chache gari linamisi tena, yaani injini inatetemeka na kukatakata. Ukiuona unga huo, puliza dawa ya kusafishia soketi za umeme. Safari ijayo uliza ni maji gani kabla bomba halijafunguliwa, na koili zifunikwe kwa nailoni.

Rudisha kila kitu, terminali ya betri iwe ya mwisho. Injini yangu ilishika mara moja. Niliiacha ikinguruma dakika ishirini, boneti wazi, joto la injini limalizie unyevu uliobaki.