SOMO: Kufunga kituo kidogo cha hali ya hewa nyumbani, kisichotumia waya

Wakuu, salamu. Wengi waliopita shambani kwangu huku Arumeru wameniuliza kile kitu kilicho juu ya bomba, pembeni mwa nyanya. Ni kituo cha hali ya hewa cha bei nafuu: kihisi cha nje kinachopima joto, unyevunyevu, upepo na mvua, na skrini ya ndani inayopokea vipimo kwa redio. Huu ni msimu wa tatu ninakitumia. Karibu shida zote nilizopata zilitokana na mahali nilipokifunga, wala si ubora wa kifaa. Kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa sana.

1. Kiwashe mezani kwanza. Weka betri kwenye kihisi cha nje, kisha kwenye skrini, viwe mita mbili tatu tu kutoka kimoja hadi kingine. Usibonyeze kitu kwa dakika tano, viache vitafutane. Vikishaonana, badilisha vipimo viwe selsiasi, milimita na hektopaskali (kipimo cha mgandamizo wa hewa). Kama kifaa ni cha soko la Ulaya, zima ile saa inayojirekebisha yenyewe. Inatafuta mawimbi ya DCF77, redio inayotangaza saa kutoka Ujerumani, na hayafiki huku. Weka saa kwa mkono.

2. Chagua mahali. Mwezi wa kwanza nilikifunga chini ya ukingo wa bati, nikidhani nakikinga na mvua. Saa nane mchana skrini ilisoma nyuzi 36. Nilikuwa napima joto la bati. Nilipokihamishia kwenye nyasi, mbali na ukuta, saa ileile siku ya jua kama lile kilisoma 29. Kihisi cha joto kikae kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, ndani ya kile kikinga jua chake cha plastiki nyeupe chenye mapezi. Kiwe mbali na zege, lami na bati.

Mvua nayo inataka uwazi. Kama kuna mti wa mita 5, kaa angalau mita 10 kutoka kwake. Upepo rasmi hupimwa mita 10 juu, na kituo cha kipande kimoja hakiwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Mimi nimechagua joto na mvua, kwa sababu ndivyo vinavyoniamulia shughuli za shamba.

3. Bomba na pima maji. Chimbia bomba la chuma kwa zege, lisitikisike. Ukishafunga kihisi, weka pima maji juu yake mpaka kipovu kikae katikati. Usiruke hatua hii. Ndani ya kipima mvua kuna vijiko viwili vilivyo kwenye mhimili kama pembea. Kimoja kikijaa hupinduka, sumaku hupita mbele ya swichi, na skrini huongeza hesabu, mara nyingi milimita 0.3. Unaweza kusikia “tak” yake ukikaa karibu. Kikiinama upande mmoja, hesabu inapotoka.

4. Kijaribu kwa sindano. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye mita moja ya mraba. Mdomo wa kipima changu una kipenyo cha sentimita 11, yaani eneo la sentimita za mraba 95, hivyo mililita 95 za maji ni sawa na mvua ya milimita 10. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, dondosha maji polepole kwa nusu saa. Skrini ikisoma kati ya 9 na 11, shukuru. Ukimwaga kwa pupa, vijiko vinazidiwa na jaribio linaharibika.

MASWALI YA WANACHAMA

Njombe: Mkuu, changu kila alasiri kinachora wingu la mvua na mvua hainyeshi. Kibovu?

Si kibovu, ndugu yangu. Kipicha kile hufuata mgandamizo wa hewa kupanda na kushuka, na hesabu yake inafaa nchi za mbali na ikweta. Kwetu mgandamizo una mwendo wake wa kila siku: juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Kipicha kipuuze, kwa utabiri fuata TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Arusha mjini: Changu kinasoma hektopaskali 860, taarifa zinasema 1,013 ndiyo kawaida.

860 ni sawa kabisa kwa mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ile 1,013 ni ya usawa wa bahari. Kwenye skrini tafuta sehemu ya mgandamizo linganifu (“relative”), yaani uliogeuzwa kuwa wa usawa wa bahari, uirekebishe hapo.

Morogoro: Mvua imepiga usiku kucha, skrini inasoma sifuri!

Fungua kikombe cha mvua. Utakuta jani, utando wa buibui au udongo wa nyigu. Mimi husafisha kabla ya masika na kabla ya vuli, na katikati ya msimu nachungulia kila wiki mbili.

Moshi: Hesabu yangu ya mvua haifanani na ya kituo cha mvua cha jirani.

Angalia saa kwanza. Vituo vya mvua husomwa saa tatu asubuhi, skrini yako inaanza siku mpya saa sita usiku. Mvua ya alfajiri inaangukia siku tofauti. Soma nawe saa tatu, uandike kwenye daftari.

Lushoto: Kwa nyanya, unaangalia nini hasa?

Unyevunyevu wa usiku, dada. Ukikaa juu ya asilimia 90 usiku mbili tatu mfululizo na kuna baridi, naingia shambani asubuhi kugeuza majani ya chini, moja moja, kutafuta bakajani, ule ugonjwa wa madoa ya majani. Nikiona doa la majimaji lenye ukungu mweupe upande wa chini, siku hiyohiyo napiga dawa.